Kemia D, jumla C+. Famasia bado inawezekana ama nijitafutie mambo mengine?

bintilangoni

Assalam aleikum nyote, na wengine hamjambo. Mimi huwa nasoma tu humu sichangii, ila leo naomba mnisikize na mnaojua haya mambo msinifiche.

Niko Amu (mji wa Lamu), Langoni, miaka 24, KCSE, ule mtihani wa mwisho wa Form Four, nlifanya 2019. Matokeo nayaandika yote nisije nkaambiwa naficha: Kiswahili A-, IRE (dini ya Kiislamu) B+, Bayolojia B-, Kiingereza C+, Biashara C, Hesabu D+, Kemia D. Jumla C+. Nyumbani siku ile walipika pilau, majirani wakaletewa, mimi peke yangu ndo nlikuwa najua hio C+ ndani ina nini.

Tangu 2021 niko kwa duka la dawa la binamu yangu. Yeye ana diploma yake na amesajiliwa. Mimi nlianza kwa kufagia na kupanga rafu, sahii hata stima ikipotea naijua kila dawa iko wapi. Sasa kuna siku alikuja mama katoka Kizingitini na boti, mtoto mgongoni, mkononi ana chupa ya antibayotiki ile ya unga, amepewa mahali bila maelezo, akaitia maji mwenyewe mpaka shingoni, na mstari wa chupa uko chini ya hapo vidole viwili. Mtoto amekunywa siku tatu homa iko palepale. Binamu akatoa chupa mpya akamuonyesha polepole, unagonga chupa kwanza unga uachane, maji yawe yalochemshwa yakapoa, unatia kidogo unatikisa, povu likitulia ndo unamalizia mpaka kwenye mstari, ukipitisha basi kila kijiko kina dawa pungufu. Yule mama akarudia maneno yote kama anasomeshwa sura, halafu akauliza kwao hakuna friji aiweke wapi. Wakaongea hapo nusu saa. Mimi nlikuwa nyuma nimeshika boksi nimesahau kuliweka chini, nkasema moyoni hii kazi ndo naitaka.

Sasa nkiingia KUCCPS, ile tovuti ya kupanga wanafunzi vyuoni, nkichagua diploma ya famasia KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, inaniambia sijatimiza masharti. Swali langu, naweza kuandika barua nkaeleza? Mwalimu wetu wa Kemia alihama tukiwa Form Three muhula wa pili, hatukuletewa mwengine mpaka moku (mitihani ya majaribio) za Form Four. Na hii miaka ya duka haihesabiwi kweli?

Nahodha_wa_Mokowe

Waaleikum salaam mwanangu. Hio C+ yako imebebwa mgongoni na IRE na Kiswahili kama mzigo wa punda, punda mwenyewe ni hodari lakini famasia hawamuulizi punda. Ngoja wenye elimu yao waje.

shela_boy

sista usijichoshe kuna koleji Mombasa wanachukua hata D, setifiketi ya famasia mwaka mmoja tu, ukitoka unafungua duka lako. mshkaji wangu amefanya hio sahii ana duka

mamapacha

@shela_boy huyo mshkaji wako duka lake limeandikwa jina la nani kwenye leseni? Muulize kisha urudi hapa.

Nisikilize mamangu. Mtoto wa dadangu alipelekwa kwa koleji kama hizo, wacha niwache jina. Walilipa ada miaka miwili, koti jeupe kanunua, picha tumeweka mpaka kwa status. Wakati wa kumaliza akaambiwa aende Pharmacy and Poisons Board (PPB), bodi ya serikali ya mambo ya famasia, akajisajili, kufika huko jina lake halimo. Hakuwahi kuandikishwa kama mwanafunzi, koleji yenyewe haikuidhinishwa kufundisha famasia. Akarudi kwa wale wakubwa wa koleji, ofisi ni ileile, mlango ni uleule, ila kila mtu "niko mkutanoni". Dadangu alikuwa ameuza dhahabu yake, bangili mbili na kidani cha harusi. Sahii yule mtoto anauza vifuniko vya simu.

DawaBaridi

Nimeona huu uzi nikiwa zamu, nimengoja nifunge ndo niandike vizuri. Mimi ni mtu wa diploma, niko Malindi, na nlipita palepale ulipo kwa hivyo sitakudanganya.

Kwanza la barua. KUCCPS ni kompyuta inasoma gredi, hakuna mtu amekaa hapo na chai anasoma barua za watu. KMTC zamani ulikuwa unajaza fomu moja kwa moja kwao, tangu 2023 wanafunzi wanapangwa kupitia KUCCPS, kwa hivyo hata yule karani wa kumuelezea hayupo. Na hata upate chuo cha kibinafsi kikuonee huruma kikuingize, bado kuna PPB. Bodi inaandikisha kila mwanafunzi wa famasia anapoanza, na kitu wanaangalia ni cheti chako cha KCSE. Huruma ya chuo haivuki huo mlango.

Jumla hata iko juu ya inayotakikana, diploma ni C pleni, wewe una C+, kwa hesabu ya jumla pekee unatosha hata digrii. Kilichokuzuia ni masomo ya klasta, yale ambayo kozi yenyewe inayaangalia. Kemia D. Hapo hakuna njia ya pembeni dadangu. Setifiketi ya shela_boy isahau kabisa, bodi inasajili watu wa diploma na digrii, setifiketi haikupi leseni, itakupa kazi ya kusimama kaunta ya mtu, na hio tayari unayo tena kwa ndugu yako.

Na la pili utanisamehe. Umesema binamu amesajiliwa, vizuri. Lakini akitoka kwenda kuswali au kwenda Mombasa kuleta mzigo, anafunga ama unabaki wewe unatoa dawa? Usinijibu hapa. Ile sheria ya famasia, Cap 244, haijui mambo ya binamu.

Sasa hadithi yangu. KCSE nlifanya 2011, jumla C pleni, Kemia D+. Miaka miwili nazunguka na tuktuk Maweni mpaka hospitali mpaka stendi, abiria wangu wengi ni wagonjwa, wananionyesha karatasi za daktari wananiuliza "hii TDS ni nini kijana" na mimi sijui najifanya najua. 2013 nkaripiti kama mtahiniwa binafsi. Nlikaa na watoto wa Form Four, mmoja akaniamkia shikamoo mwalimu akidhani mimi ndo msimamizi. Nlicheka lakini jioni nlilala bila kula. Matokeo yakatoka Kemia C+, nkaingia KMTC, miaka mitatu, mtihani wa bodi, basi.

Hio miaka yako ya duka haihesabiwi kwenye kuingia. Ukishaingia ndo utaiona faida yake, wenzako watakuwa wanakariri majina ya dawa kama mashairi ya kigeni na wewe kila jina una sura ya boksi lake kichwani.

Nikuulize kitu, jibu hapahapa bila kuuliza mtu. Mtoto kilo 12, parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo, sirapu ni 120 kwa mililita 5. Unampa mililita ngapi?

bintilangoni

7.5

180 gawa kwa 120 ni moja na nusu, mara tano. Hii tunafanya kila siku.

DawaBaridi

Na Hesabu una D+. Unaona sasa.

Nahodha_wa_Mokowe

Mimi nimetoa kalamu nimepata 36 😂 watoto wa Mokowe mshukuruni Mungu mimi ni wa boti.

bintilangoni

Kaka DawaBaridi nashukuru kwa ukweli, la binamu nimelisikia na yeye nimemsomea, kanyamaza.

Ila kuripiti... nirudi kukaa na watoto wa miaka 17, hapa Amu kila mtu anamjua kila mtu, nkipita tu Mkunguni washajua nimetoka wapi. Na kama ni kuripiti basi siwezi kurudia Kemia na Hesabu peke yake? Zile nyengine nimefaulu, A- ya Kiswahili niirudie ya nini, nkishuka je?

TangaRaha

Habari za huko jamani, mimi ni jirani yenu wa Tanga nimepita tu. Mbona dada asije kusoma Tanzania? Kwetu stashahada ya famasia ni ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, Kemia na Bayolojia ziwemo, na D kwetu ni ufaulu. Yeye si ana D ya Kemia?

DawaBaridi

@TangaRaha karibu jirani, lakini D yenu na D yetu ni majina tu yamefanana. Kwenu ni A, B, C, D kisha F. Kwetu ngazi ni kumi na mbili kutoka A mpaka E, D ya huku ni pointi 3 kati ya 12. Cheti chake kitapita NECTA, baraza lenu la mitihani, kwanza walinganishe, na sioni D ya KCSE ikitoka huko na tabasamu.

TangaRaha

Aisee kweli, hilo la NECTA nilisahau. Halafu nimekumbuka lingine, kwetu yale masomo manne ni yasiyo ya dini, kwa hiyo ile B+ yake ya IRE pia inatoka. Pole dada, nimekuja na neema nimeondoka na balaa.

mamapacha

Na akimaliza huko bado arudi PPB wakague alikosoma. Mimi sisemi watu wasisome nje, nasema kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, uliza bodi wenyewe kama hio shule wanaitambua. Orodha ya vyuo walivyoidhinisha wanaiweka wazi, haina siri. Hata hao wa brijing, zile kozi fupi za kuziba gredi mbaya, mtu anakwambia fanya brijing ya Kemia wiki chache utaingia, mwambie akuonyeshe barua ya PPB inayosema hivo.

MwalimuKemia_Mld

Habari zenu. Mimi ni mwalimu, nafundisha Kemia huku Malindi. Nijibu swali la binti, la kurudia masomo mawili.

Gredi ya jumla inatoka kwenye masomo saba. Ukifanya chini ya saba hupati jumla, unapata gredi za hayo masomo tu. Na kompyuta ya KUCCPS haikai ikachukua Kemia ya mwaka huu ikaishona na Kiswahili cha 2019. Kwa hivyo kama unarudia kwa ajili ya kuingia chuo, rudia yote saba kikao kimoja.

Woga wako wa kushuka naelewa, lakini hesabu yenyewe ni hii. Pointi zako ni 11 za Kiswahili, 10 za IRE, 8 Bayolojia, 7 Kiingereza, 6 Biashara, 4 Hesabu, 3 Kemia, jumla 49, na C+ inaanzia 46. Sasa tuseme Kiswahili kimeshuka mpaka B+ na IRE imeshuka mpaka B, umepoteza mbili. Kemia ikipanda mpaka C pleni peke yake umeongeza tatu. Diploma inataka C pleni ya jumla na hio inaanzia 39. Una nafasi kubwa ya kuteleza kule juu, huku chini huna hata kidogo. Nguvu zako peleka huku chini. Na tangu 2023 hesabu imebadilika, wanachukua Hisabati, lugha moja na matano mengine yaliyo bora. Ukichukua masomo manane unapata nafasi ya kuliacha moja bovu, ila Hesabu halikwepeki.

Jambo lingine ambalo naona watu hawalisemi. KCPE (mtihani wa darasa la nane) ya mwisho ilikuwa 2023, wale watoto wanamaliza Form Four 2027, baada yao ni mtaala mpya. Usikae ukiona haya mpaka mtihani wenyewe uishe.

Mwisho ni karatasi ya tatu. Kemia ina karatasi tatu, ya kwanza 80, ya pili 80, ya tatu ni praktikali na ina 40. Mtahiniwa binafsi wengi wanajisomea vitabu nyumbani, karatasi ya kwanza na ya pili wanajitahidi, wakifika kwa praktikali hawajashika byureti, ile bomba ya kioo yenye koki ya kupimia, tangu waache shule, na wewe sidhani hata wakati ule uliishika. Ukitafuta senta ya kujiandikisha usiangalie iliyo karibu na kwenu, angalia yenye maabara inayofanya kazi na mwalimu atakayekuruhusu uingie Jumamosi.

bintilangoni

Mwalimu shikamoo. Byureti tulikuwa nazo tatu darasa zima, mimi nlikuwa mwandishi wa kikundi kwa sababu ya mwandiko, anayeshika alikuwa mwengine. Siku ya mtihani ndo nlishika ya kwangu mwenyewe mara ya kwanza, mkono unatetemeka nkafungua ile koki yote ikageuka pinki kama shurubati.

MwalimuKemia_Mld

Marahaba mwanangu. Hapo umeeleza D yako yote kwa sentensi moja.

Swali la titresheni, lile la kumimina kwa byureti mpaka rangi igeuke, linatia watu hasara ya bure. Kile kijedwali cha kusoma mara tatu kina alama kabla hata hujafanya hesabu yoyote. Alama ya kujaza jedwali lote, alama ya desimali, alama ya jibu lako kukaribiana na la mwalimu wa shule, alama ya kutafuta wastani, na alama ya wastani wenyewe. Tano hizo. Ya desimali ni ya kuokota, ukiandika desimali moja basi ziwe moja kote, ukiandika mbili ziwe mbili kote na hio ya pili iwe 0 au 5. Kwa wastani chukua zile zinazokaribiana tu, zisipishane zaidi ya 0.2, ile ya kwanza uliyomwaga kama shurubati iache.

Halafu swali la chumvi. Unatia sodiamu hidroksidi matone, inakuja mashapo meupe, unaendelea kutia mpaka izidi, yanayeyuka. Wengi hapo wanaandika zinki wanakimbia. Inaweza kuwa zinki, alumini au risasi. Chukua sampuli nyingine utie amonia mpaka izidi, yakiyeyuka ni zinki. Yasipoyeyuka tia iodidi, ya risasi inatoa njano kali kama manjano ya jikoni, alumini haitoi kitu. Hii si ya kukariri, lazima uione kwa macho yako mara kumi.

shela_boy

nimemuuliza mshkaji wangu. leseni ni ya mtu mwengine kabisa, anamlipa huyo mtu kila mwezi na yeye mwenyewe hakai hapo dukani. naondoa maneno yangu

mamapacha

Tumekusamehe. Mwambie afanye haraka kabla ya wakaguzi.

Nahodha_wa_Mokowe

Binti kuhusu haya ya kuonekana, mimi nina miaka 51 nlienda darasa la leseni ya ukoksoni na vijana wa miaka ishirini, siku mbili walicheka, ya tatu wakawa wananiazima kalamu. Na kama ni Amu kukusema, Amu itakusema hata ukikaa nyumbani.

bintilangoni

Nimesoma yote mara mbili. Nitazungumza na mama.

---

bintilangoni

Wana jukwaa narudi. Najua uzi umelala miezi ila niliahidi moyoni nitaleta habari.

Mama alinyamaza siku tatu, ya nne akaniuliza ada ya kujiandikisha ni ngapi. Basi nimejiandikisha masomo yote, na sikujiandikisha Amu, nimechagua shule huku Malindi yenye maabara, nakaa kwa shangazi Barani. Mwanzoni nlisema ni kwa ajili ya maabara, kusema kweli na ile haya pia ilikuwemo. Dukani narudi likizo tu na nakaa upande wa rafu. Binamu akitoka anafunga, kuna kibao ameandika mwenyewe "narudi baada ya swala", wateja wamelalamika wiki ya kwanza sahii wamezoea.

Darasani kuna mtoto ananiita anti. Hesabu ananifundisha yeye, mimi namsahihishia insha.

Jumamosi hii nimeingia maabara peke yangu na fundi wa maabara. Byureti ilikuwa inavuja kidogo kwa koki akanionyesha kuipaka mafuta mazito. Nimefanya mara nne. Ya kwanza nlipitisha, 25.1. Halafu 24.3, 24.35, 24.3. Mwalimu wa hapa alikuwa amepata 24.30.

Mwalimu @MwalimuKemia_Mld hapo nilivyoandika ni sawa?

MwalimuKemia_Mld

Mkono umetulia, hongera. Jedwali umelikosea. 24.3 na 24.35 haziwezi kukaa pamoja, desimali zako hazilingani, hapo alama moja imekwenda. Andika 25.10, 24.30, 24.35, 24.30, wastani toa kwa zile tatu za mwisho.

DawaBaridi

Barani unakaa? Nipitie duka Jumapili, nina karatasi zangu za zamani za Kemia kwenye boksi la gilavu. Panya wamekula kona za 2012 ila maswali yanasomeka.